Mtepe Mdogo na Mtepe Mkubwa

Wasomaji wa kurasa hizi wamekwisha kusoma mengi juu ya mithali, ngoma na majina ya watu. Leo twataka kuwaandikia habari za kitu kidogo ambacho wengi hukihesabu kuwa kichezeo tu, nacho ni chombo cha tanga kilichoundwa kwa mti, kadiri ya kupakatwa magotini. Sisi twakihesabu kuwa hati ya historia. Walakini, kama ilivyo kwa kila hati, yampasa mwenye kuisoma ajue jinsi ilivyoandikwa.

Lugha yetu yenyewe hukiunda chombo kidogo kwa silabi moja: jahazi huwa kijahazi, na dau huwa kidau. Watoto wa pwani huchonga vyao na kuvishindanisha katika maji ya kina kifupi. Na mafundi wa Lamu hata leo hutengeneza vijahazi vya kuuzia wageni na kupambia nyumba. Kazi hii ina njia mbili. Ya kwanza, fundi hutwaa kipande kimoja cha mti, akakichonga kwa tezo na kukichimba ndani, kisha akasimamisha mlingoti na kufunga tanga. Ya pili, huanza kwa mkuku, akasimamisha hanamu na mataruma, akapanga mbao moja moja kama aundavyo chombo kikubwa. Njia ya kwanza huonyesha umbo. Ya pili huonyesha kazi. Tofauti hii si ndogo. Huko Uingereza, katika nusu ya pili ya karne ya 17, mafundi waliunda mifano ya manowari kwa kipimo cha 1 kwa 48, wakaacha sehemu ya ubavu bila mbao ili mataruma yaonekane. Mingi ya mifano hiyo imehifadhiwa Greenwich hata sasa, na mtu aweza kutazama ndani ya merikebu zilizokwisha kuoza zamani.

Katika pwani yetu chombo kinachohitaji sana kutazamwa hivyo ni mtepe. Huu ulikuwa chombo cha watu wa visiwa vya Lamu na Wabajuni. Mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma, bali ziliunganishwa kwa vijiti vya mti na kushonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi. Mlingoti wake ulisimama wima, na tanga lake lilikuwa la pembe nne, lililosukwa kwa miyaa kama jamvi. Gubeti yake ilitokeza mbele kama shingo ya ngamia, na wenyeji husimulia kwamba ni mfano wa ngamia wa Mtume wa Waislamu. Katika omo yalichorwa macho mawili.

Ushonaji huu ni wa kale sana. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kiitwacho Periplus, chataja mji wa biashara katika pwani hii jina lake Rhapta, na kueleza kwamba jina hilo latokana na vyombo vilivyoshonwa. Nao watu wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliona vyombo vikubwa visivyo na misumari, vimefungwa kwa kamba, na matanga yake ni ya mikeka. Basi kazi hii ilidumu zaidi ya miaka 1,800. Maana mitepe ilikuwa ikipeleka boriti za mikoko Mombasa na Unguja hata mwanzo wa karne ya 20.

Ndipo ikatoweka. Jahazi la misumari halikuhitaji kushonwa upya mara kwa mara, wala halikuwachosha mabaharia kwa kufua maji kama mtepe. James Hornell alipotoa maelezo yake juu ya mtepe mwaka 1941, chombo hicho kilikuwa kama kimekwisha. Kamusi ya Kiswahili ya mwaka 1939 yalitia neno mtepe na maana yake. Lakini kamusi huhifadhi jina, haihifadhi mkono wa fundi. Kwa hiyo mitepe midogo iliyomo katika nyumba za makumbusho, kama ile ya Lamu na ya Ngome ya Yesu huko Mombasa, pamoja na picha na maandiko machache, imekuwa shahidi wetu.

Je, shahidi huyu asema kweli yote? Hapa twaungama kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tuliwafanyiza wanafunzi wetu mtepe mdogo kwa ajili ya maonyesho ya shule. Tuliunga mbao kwa gundi na misumari midogo ya shaba, kisha tukachora mishono kwa wino mweusi. Wageni waliusifu sana. Mzee mmoja, fundi wa majahazi, aliuinua, akapitisha kidole gumba juu ya mishono, akasema, “Mwalimu, huu umevaa nguo za mtepe, lakini si mtepe.” Tulipomwuliza kosa liko wapi, alijibu kwamba mbao zilizoshonwa hunyumbuka katika mawimbi, nasi tulikuwa tumezikaza zisisogee kabisa. Tuliona haya, maana tulikuwa tumewafundisha watoto sura ya kitu, tukawanyima maana yake.

Hata mfano ulioshonwa kwa uaminifu una mipaka yake. Chombo cha dhiraa 40, kikiundwa kwa kipimo cha 1 kwa 20, huwa cha dhiraa 2. Lakini nafasi ya shehena yake huwa sehemu moja katika 8,000. Kwa hiyo mfano hauwezi kutuambia chombo kilivyobeba boriti zake wala kilivyostahimili bahari. Tena kamba haipungui kwa urahisi kama ubao, na mara nyingi mshono wa mtepe mdogo huwa mnene kupita kiasi. Atakayepima mtepe mkubwa kwa mshono huo atapotea.

Labda kwa sababu hiyo wengine walitaka kuona mtepe mzima. Mwanzoni mwa karne ya 21 ulishonwa mmoja huko Unguja, ukawekwa katika Beit al-Ajaib watu wautazame. Kisha tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, na watu wawili wakafa. Msiba huo watuonya kwamba hata nyumba iliyojengwa kwa mawe si mahali pa kuwekea ukumbusho wetu wote.

Basi, ndugu walimu, twawasihi ninyi mnaokaa karibu na bahari: waacheni watoto waunde vyombo vidogo, lakini waunde mbele ya fundi, naye awatajie kila kiungo kwa jina lake na sababu yake, nao wayaandike. Neno letu kidau lina maana mbili, chombo kidogo cha baharini na kichupa cha wino. Tuvitumie vyote viwili pamoja, ili yale ambayo kimoja hakiwezi kuyabeba yabebwe na cha pili.