Kidevu Kitupu na Kisa cha Vijana wa Shiraz

Leo tuzungumze jambo ambalo mama huniuliza kwa kunong'ona, wenzake wakishatoka kliniki: "Sista, mwanangu ana miaka 20 na kidevu ni kitupu kama cha mtoto. Amerogwa, au si rijali?"

Mama wa mwisho kuniuliza hivyo nilimrudishia swali: wajomba wa huyo kijana wana ndevu? Akacheka. Kaka yake ana watoto saba na hajawahi kununua wembe. Basi jibu lilikuwa hapo. Ndevu hurithiwa kwa baba na kwa mama, tena ndizo huja mwisho; kidevu kinaweza kungoja hata baada ya miaka 20. Kijana ambaye sauti imekuwa nzito, kimo kimepanda na sehemu za siri zimekomaa, hana ugonjwa. Kunyoa kila siku hakuoteshi ndevu, na wembe wa kuazimana huleta maradhi.

Lakini yuko kijana wa namna nyingine, na kisa chake kina historia.

Mwaka 1958 daktari mzaliwa wa India, Ananda Prasad, alikuwa akifanya kazi mjini Shiraz, Uajemi. (Jina hilo si geni kwetu. Upande wa Msambweni wako wanaojiita Washirazi.) Aliletewa mwanamume wa miaka 21, nawe ungemwona ungesema ni mtoto wa miaka 10. Hakuwa na ndevu wala nywele za mwili, sehemu za siri zilikuwa za kitoto, na damu ilikuwa imepungua vibaya. Chakula chake kikubwa kilikuwa mkate usiotiwa hamira, nyama hapati, na kila siku alikula udongo, kama nusu kilo. Wakapatikana wengine kama yeye.

Prasad akashuku upungufu wa zinki, madini ambayo mwili huyahitaji kidogo sana, lakini bila hayo mtoto hakui wala habalehe. Wakati ule madaktari wengi hawakuamini kwamba binadamu anaweza kuyakosa. Udongo, na nafaka isiyochachushwa, huyashika tumboni yasiingie mwilini. Kisha akahamia Misri, akawakuta vijijini vijana wa namna ile ile, ila hao hawakula udongo. Walikuwa na safura na kichocho, maradhi yanayomtoa mtu damu kidogo kidogo kwa miaka, na zinki hutoka pamoja nayo.

Walipopewa zinki, nywele za sehemu za siri ziliota katika wiki 7 hadi 12. Katika wiki 12 hadi 24 maumbile yao yakawa ya kiume, na kimo kikapanda sentimita 12 na zaidi kwa mwaka. Haya yalichapishwa miaka ya 1960. Ile tembe ya zinki unayopewa mtoto akiharisha, ambayo Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliipendekeza mwaka 2004, inatokana na elimu iliyoanza kwa vijana wale wasio na ndevu.

Nawasimulia haya kwa sababu ya hapa kwetu. Udongo tunaula, hasa tukiwa wajawazito, na watoto wanatuona. Kichocho cha Msambweni watafiti wamekifuata tangu miaka ya 1980. Safura nayo ilichunguzwa Kwale kati ya 2015 na 2017, ikaonekana hupungua zaidi wakubwa nao wakimeza dawa, si wanafunzi peke yao. Kwa hiyo dawa ikija nyumbani, meza na wewe mama. Kwenye chakula, zinki imo katika nyama, dagaa na maharagwe, na chaza wa mikokoni wanazidi wote. Uji ulioachwa uchachuke huitoa zaidi kuliko uji wa siku ile ile. Lakini asiyepungukiwa hata ameze tembe mia hataota ndevu, na nyingi zinadhuru.

Ziko sababu nyingine: seli mundu huchelewesha kubalehe, na machubwichubwi ya ukubwani huweza kuharibu korodani. Wengine huzaliwa na kromosomu ya ziada, hali iliyoelezwa na daktari Harry Klinefelter mwaka 1942. Hao mara nyingi ni warefu, korodani ni ndogo, na wengi hugundua wakikosa mtoto.

Mvulana akifika miaka 14 na korodani hazijaanza kukua, mlete. Usimnunulie sindano wala mafuta ya kuotesha ndevu.

Mmoja niliyempima alikuwa na miaka 16, mdogo wa umbo, na mkojo wake ulikuwa mwekundu tangu darasa la nne. Nilipomwuliza kwa nini hakumwambia mama yake, alisema alidhani ndiyo kubalehe kwa wavulana.