Mama aliyeshuka jabali usiku (Ngome ya Raigad, sehemu ya 2)

Jana niliwaacha njiani. Kwa mliojiunga leo: nilikuwa India kumsindikiza mgonjwa, tukapata siku moja ya mapumziko, nikatoka Mumbai alfajiri kwenda kuona ngome ya Raigad. Iko mashambani kabisa, jimbo la Maharashtra, jirani na mji mdogo wa Mahad. Kilima kina mita 820 hivi kutoka usawa wa bahari, na ubavu wake umesimama wima kama ukuta. Ukitazama juu shingo inauma.

Kuna ngazi za mawe, zaidi ya elfu moja. Sitawadanganya, mimi nilipanda kwa kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, dakika chache tu uko juu. Kituo chake cha chini kipo Hirkaniwadi, yaani kitongoji cha Hirkani. Hirkani ndiye ninayetaka kuwasimulia leo.

Kwanza mjue pale juu palikuwa nini. Shivaji, mfalme wa Wamaratha, alikiteka kilima hiki mwaka 1656, wakati huo kikiitwa Rairi. Akamkabidhi fundi wake Hiroji Indulkar akijenge, pakawa makao makuu ya ufalme. Hapo ndipo Shivaji alipotawazwa tarehe 6 Juni 1674, na hapo ndipo alipofia mwaka 1680. Mwaka 1818 Waingereza waliipiga ngome kwa mizinga, majumba yakateketea. Leo utakuta misingi ya kasri, mabwawa ya maji, na mtaa wa soko wenye vibaraza virefu vya mawe pande zote mbili.

Sasa fikirini: mji mzima juu ya jabali. Watu wale nini? Maziwa yatoke wapi? Yanatoka bondeni, kichwani kwa wanawake. Lango kuu likifunguliwa asubuhi wanapanda, na jua likizama linafungwa. Ni amri ya vita ile, haina cha msamaha.

Wenyeji wanasimulia kwamba Hirkani alikuwa muuza maziwa, mwenye mtoto mchanga anayenyonya. Siku hiyo alichelewa. Alipofika langoni limeshafungwa. Akawasihi askari, wakamwambia amri ni amri, rudi alfajiri. Yeye akazunguka ukingo wa kilima mpaka akapata sehemu isiyo na ukuta, kwa kuwa waliona jabali lenyewe linatosha kuzuia mtu. Akashuka gizani kwa mikono na miguu, akafika kwa mwanawe, amechanika ngozi.

Ni masimulizi ya mdomo haya, siyo hati ya ikulu. Lakini mimi kama nesi wa wodi ya wazazi sioni cha ajabu ndani yake. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku. Kutoka magharibi hadi alfajiri ni saa 12 nzima! Titi linajaa, linakuwa gumu, linauma, na ukisikia mtoto yeyote akilia maziwa yanatoka yenyewe hata nguo inalowa. Yule mama hakuwa anawaza ushujaa. Mwili wake ulikuwa unamwambia mtoto ana njaa, kila dakika. Mliorudi kazini baada ya likizo ya uzazi mnanielewa.

Asubuhi habari zikamfikia mfalme. Akamwita, akamsifu na kumpa zawadi, kisha akaamuru pale aliposhukia pajengwe ukuta na mnara wa ulinzi, upewe jina lake. Upo mpaka leo, Hirkani Buruj. Nilisimama pale, chini ni ukungu na miti midogo kama majani ya mchicha. Magoti yalilegea.

Na hapo, nikiwa nimeshikilia jiwe, ndipo nikawaza jambo ambalo mwongozaji wetu hakuligusa. Mfalme aliziba njia! Askari ndani yangu anamwelewa, maana alikoshuka mama adui anaweza kupanda. Lakini mama mwingine akichelewa kesho yake je? Lango ni lile lile, saa ni zile zile, na sasa hata jabali halipo tena. Nilimwuliza mwongozaji, akacheka, akasema, "Dada, hilo hajawahi kuniuliza mtu."

Wakati wa kurudi nikakutana na jina hilo tena. Kule Maharashtra vyumba vya kunyonyeshea kwenye vituo vya mabasi ya serikali vinaitwa Hirkani Kaksha, chumba cha Hirkani. Nilichungulia kimoja: kiti, feni, pazia, na msichana mdogo amekaa na kichanga chake, mfuko wa safari miguuni. Akaniona, akasogea ili nami nipate pa kukaa. Sikuwa na mtoto, lakini nilikaa.

Kesho tunashuka Pachad, kijiji cha chini ya ngome, alikoishi Jijabai, mama yake Shivaji. Alimwona mwanawe akitawazwa, akafariki mwezi huo huo. Nitawaeleza.

Wenye vichanga, niandikieni hapa chini: kazini kwenu mnakamulia wapi maziwa? Chooni hapana, tafadhali.