Kutoka Majumbani hadi Hazina: Vikundi vya Wagonjwa katika Mbeya na Iringa

Atakaye kuijua historia ya UKIMWI katika Tanzania hana budi kuanza na majina. Huko Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza waligunduliwa mwaka 1983, maradhi yaliitwa Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikipendwa kando ya mpaka wa Uganda. Baadaye mitaani yakaitwa umeme, ngoma, mdudu. Yote hayo ni majina ya watu wanaokizunguka kitu bila ya kukishika. Wa kwanza kukishika kwa mikono yao walikuwa wagonjwa wenyewe na waliowauguza, nao waliacha ushahidi katika majina ya vikundi vyao.

Mwaka 1989, Dar es Salaam, kilizaliwa chama cha WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Jina halikubagua kati ya aliyelala kitandani na aliyeketi pembeni mwa kitanda. Wote walikuwa vitani. Mwaka 1994 ikafuata SHIDEPHA+, iliyoanzishwa na watu waliokuwa wakiishi na virusi na walio tayari kusema hivyo hadharani, jambo ambalo wakati ule liliweza kumgharimu mtu kazi, nyumba na ndoa. Na katika mji wa Mbeya kikatokea KIHUMBE, kikundi cha huduma majumbani. Hapa hapana neno la vita wala la siasa. Panatajwa nyumba tu, kwani huko ndiko ugonjwa uliko: uji, maji ya kuogea, shuka za kufua, watoto wa kupeleka shule.

Kwa nini Nyanda za Juu Kusini? Barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA zilileta madereva, wafanyabiashara na vibarua hadi Makambako, Mbeya mjini na Tunduma. Mashamba ya chai ya Mufindi nayo yalikusanya watu mbali na familia zao. Upimaji wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulionyesha kwamba katika Mbeya asilimia 13.5 ya watu wazima walikuwa na virusi, na katika Iringa asilimia 13.4, hali wastani wa Tanzania Bara ulikuwa asilimia 7. Njombe wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Iringa, na Tunduma sehemu ya Mbeya.

Takwimu hizo zilivuta fedha, na fedha ziliwajaribu wagonjwa kwa namna ambayo umaskini haukuwajaribu. Aghalabu kikundi chenye mtu wa kuandika maombi kilipata, na kisicho naye kilibaki na daftari la wanachama na orodha ya misiba. Ndipo ilipodhihirika haja ya kusema kwa sauti moja. Lilipoundwa baraza la kitaifa la watu wanaoishi na virusi, NACOPHA, vikundi vya kila wilaya viliunganishwa katika umoja ulioitwa Konga, neno lenye harufu ya kukongamana. Aidha, Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulioanzishwa mwaka 2002, uliweka sharti kwamba walioguswa na maradhi hayo wawe na viti katika chombo cha kitaifa kinachoomba fedha zake. Aliyezoea kusubiri barazani akaitwa ndani.

Matunda ya umoja huo hayakuwa haba. Kuanzia mwaka 2004 dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bila malipo, na mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria iliyokataza unyanyapaa na kulinda siri ya mgonjwa. Hata hivyo, palikuwa na chumba kimoja ambacho wagonjwa walikiingia mara nyingi bila ya kuulizwa kitu: chumba cha utafiti.

Mbeya ni miongoni mwa miji iliyochunguzwa sana katika Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 2000, wanawake 600 waliofanya kazi katika baa za mkoa huo walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, na damu yao ikawafunza wanasayansi namna aina mbalimbali za virusi zinavyochanganyika katika mwili mmoja. Yalifuata majaribio ya chanjo, hadi lile la PrEPVacc, ambalo chanjo yake ilisitishwa mwaka 2023 ilipobainika kwamba haingeonyesha kinga. Kituo cha Mbeya ni cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979. Lakini sehemu kubwa ya fedha za kazi hizi ilitoka Ulaya na Marekani. Na mwenye kulipa mpiga zumari ndiye achaguaye wimbo.

Tunda moja la utafiti huo lastahili kukumbukwa kuliko mengine. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo kutoka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, yaliyoonyesha kwamba mtu mwenye minyoo isababishayo matende na mabusha alikuwa katika hatari takriban mara mbili ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI kuliko asiyekuwa nayo. Maradhi mawili, yaliyokuwa na wizara moja lakini mipango miwili, wafadhili wawili na siku mbili za kliniki, yalikuwa yakishirikiana katika damu. Magonjwa yalikutana mwilini kabla wagonjwa hawajakutana mezani.

Baadhi ya vikundi vililitambua hilo mapema. MUKIKUTE ya Temeke, iliyoanzishwa na watu waliougua kifua kikuu, iliyataja maradhi yote mawili katika jina lake. Vyama vya kisukari, saratani na moyo navyo vimeungana kudai nafasi ya magonjwa yasiyoambukiza katika bajeti. Lakini umoja wa maradhi yote, wenye kuidai Hazina fedha za utafiti, haujasikika kwa nguvu ile ile iliyodai dawa. Mwaka 2006, huko Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Ahadi hiyo imebaki bila mdai. Marekebisho ya sheria ya 2015 yaliunda Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI ili kukusanya fedha za ndani, nayo ni hatua. Lakini mwenye njaa ya dawa hawezi kulaumiwa akiacha utafiti usubiri.

Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ilidhihirika jinsi usubiri huo unavyoweza kugharimu. Upimaji wa 2022 na 2023 ulikuwa umeikuta Njombe na asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Wenye takwimu hizo ni watu, na wengi wao ni wanachama wa Konga. Walijifunza kuuguzana, kisha kuungana, kisha kudai vidonge. Lililobaki ni kudai haki ya kuuliza swali, na kwenda kulidai pamoja na jirani mwenye matende, ambaye huketi benchi lile lile la zahanati, siku nyingine ya juma.