Mkono wa Mwombaji na Sheria ya Mji

Msomaji, ukishuka garini Nairobi katika Barabara ya Tom Mboya, au ukipita madukani Mombasa siku ya Ijumaa, utauona mkono umenyoshwa mbele yako, nawe una nafasi ya hatua tatu au nne tu za kukata shauri. Nitoe au nisitoe? Watu wengi hudhani kwamba swali hili ni la moyo wa mtu peke yake, tena kwamba limezaliwa na miji ya siku hizi. Sivyo hata kidogo. Wafalme wamelitolea amri, wanachuoni wamelitungia vitabu, na ulikuwako wakati ambapo aliyetoa, wala si aliyeomba, ndiye aliyeogofywa kwa kifungo.

Wakati huo ulikuwa mwaka 1349, katika nchi ya Uingereza. Mwaka mmoja kabla yake tauni iliingia nchini humo, ikaua watu wengi mno. Wanahistoria hukisia kwamba theluthi moja ya wenyeji, au zaidi, walizikwa kabla maradhi hayajatulia. Mashamba yalibaki bila watu wa kuyalima. Vibarua waliosalia waliona kuwa sasa wanatafutwa, wakadai ujira mkubwa kuliko wa zamani, na aliyenyimwa kwa bwana mmoja alikwenda kwa mwingine. Wenye mashamba walilalamika, na Mfalme Edward wa Tatu akawasikiliza. Akaamuru kwamba ujira urudi kama ulivyokuwa kabla ya tauni, na kwamba kila mtu mwenye nguvu, aliye chini ya miaka 60, asiye na mali wala kazi yake mwenyewe, lazima amtumikie yeyote amtakaye. Kisha akaongeza jambo moja ambalo nataka ulitie moyoni: mtu yeyote asimpe sadaka mwombaji awezaye kufanya kazi, atakayempa, hata kwa jina la huruma, adhabu yake ni kifungo.

Iangalie sana amri hiyo. Mfalme hakuitoa kwa sababu waombaji walikuwa wamezidi uongo, wala kwa sababu sadaka iliharibu tabia zao, ijapokuwa maneno ya namna hiyo yalitiwa ndani yake. Aliitoa kwa sababu mabwana walikosa mikono ya kulima. Mtu anayepata mkate kwa sadaka anaweza kuukataa ujira mdogo. Mtu mwenye njaa hawezi. Tangu siku hizo, kila nisikiapo mtu akisema kwamba kumpa maskini ni kumfundisha uvivu, hujiuliza kwanza ni nani anayenufaika maskini huyo akikosa.

Sheria zilizofuata zilikuwa kali zaidi. Mwaka 1531 wazee na wagonjwa walipewa ruhusa ya maandishi ya kuomba mahali walipopangiwa, lakini mwombaji mwenye afya alifungwa nyuma ya gari la kukokotwa, akavuliwa nguo na kuchapwa mjeledi hata akatoka damu. Baadaye, mwaka 1601, kila mtaa wa kanisa ulilazimishwa kutoza kodi ya kuwatunza maskini wake. Hapo sadaka ikaanza kugeuka kuwa kazi ya serikali.

Wakati huo huo nchi ya Hispania ilikuwa na mjadala wake, na kwa maoni yangu ndio uliokuwa bora kuliko yote. Mwaka 1540 ilitolewa amri huko Castile kwamba waombaji wachunguzwe, wawe na ruhusa, na kila mmoja aombe kwao alikozaliwa. Mwaka 1545 watawa wawili wakatoa vitabu vya kubishana. Juan de Robles aliitetea njia hiyo mpya: fedha zikusanywe pamoja, maskini wa kweli watunzwe, na njia za mji zisafishwe. Domingo de Soto, mwalimu wa chuo cha Salamanca, alimpinga. Alisema kwamba mtu asiye na hatia hawezi kufukuzwa mjini kwa sababu ya ufukara tu, maana nchi nyingine ni kame na nyingine zina neema, na mwenye njaa ana haki ya kuifuata neema iliko. Akashangaa pia kwamba maskini wachunguzwa kwa ukali ambao matajiri hawapimwi nao. Tena aliogopa kwamba maskini wakifichwa, huruma ya watu itapoa, maana jicho lisiloona haliusumbui moyo. Hoja zote mbili zina uzito, na mpaka leo watu wazirudia bila kuyajua majina ya wenyewe.

Natuje London. Vita vya Napoleon vilikwisha mwaka 1815, na askari na mabaharia kwa maelfu wakaachishwa kazi. Wengine walikuwa na mguu mmoja, wengine hawakuwa na ufundi wowote ila wa bunduki. Njia za mji zikajaa. Mwaka 1818 mabwana wenye mali wakaunda chama cha kuzuia uombaji, na chama hicho kilibuni jambo la werevu. Mwanachama aliyelipa ada yake alipewa tikiti ndogo za karatasi. Akikutana na mwombaji njiani, hakumpa senti, alimpa tikiti. Mwombaji aliipeleka katika ofisi ya chama, akaulizwa maswali: jina lake, kwao, kazi aliyoifanya zamani, sababu ya kuanguka kwake. Majibu yaliandikwa vitabuni. Kisha alipewa chakula, na mwenye nguvu aliweza kupewa kazi, mathalani ya kuvunja mawe. Aliyeonekana kuwa mdanganyifu alishitakiwa.

Utaona faida yake mara moja. Tajiri alipita njia bila kuhukumu; hukumu aliiachia ofisi. Mwenye njaa kweli alikula siku hiyo, na tikiti haikuweza kumwagwa kileoni kwa urahisi kama fedha. Lakini fikiri pia alichopoteza maskini. Senti humfanya awe mnunuzi: achague mkate au mshumaa, au alipe kitanda cha usiku mmoja. Tikiti humfanya kuwa mshitakiwa anayejitetea mbele ya karani ili apate bakuli la supu. Mwaka 1824 Bunge likapitisha Sheria ya Uzururaji, na kuomba njiani kukawa kosa la kufungwa. Sheria hiyo ilidumu karibu miaka 200. Ni mwaka 2022 tu Bunge la Uingereza lilipokubali ifutwe.

Na hapa ndipo habari hii inapofika kwetu, kwa maana sheria za Waingereza zilipanda merikebu pamoja nao. Katika Kenya ya ukoloni mtu mweusi aliyeonekana mjini bila kazi aliweza kukamatwa kwa kosa la uzururaji, akarudishwa kwao. Wakati huo walowezi walililia vibarua wa mashamba yao, kodi ya nyumba iliwasukuma vijana kutafuta fedha, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wanaume walivishwa kipande shingoni ili ijulikane kila mmoja ni mtumishi wa nani. Ulinganishe mpango huo na amri ya Mfalme Edward, utaona ndugu wawili wa tumbo moja. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, lakini Sheria ya Uzururaji haikuondoka na bendera ya zamani. Ilifutwa mwaka 1997. Kanuni ya Adhabu nayo ilimweka mwombaji wa njiani katika jamii ya wavivu na wenye fujo.

Huku pwani, kabla ya sheria hizo, watu walikuwa na desturi nyingine. Zaka ilikuwa hesabu, fungu moja katika 40 la mali iliyowekwa mwaka mzima, nayo ni haki ya maskini wala si hisani ya tajiri. Sadaka ilikuwa juu yake, kwa hiari. Wenye maduka waliweka vijisenti tayari kwa Ijumaa, na hakuna aliyemwuliza kipofu kwao wapi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Hata hivyo nisingependa udhani kwamba wanaokataza senti wote ni mabwana wenye kutafuta vibarua. Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliunda mfuko wa kuwasaidia watu wanaoishi njiani warudi katika maisha ya kawaida, na vijana wengi walipelekwa kufundishwa kazi katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Walipohesabiwa mwaka 2018, watu wa njiani walikuwa zaidi ya 46,000 katika nchi nzima, na zaidi ya 15,000 kati yao Nairobi. Senti zako haziwezi kuwatosha watu wote hao. Na kuna jambo zito kuliko hesabu hiyo. Mwaka 2022 shirika la habari la BBC lilieleza jinsi watoto wenye ulemavu walivyotolewa Tanzania kwa ahadi za uongo, wakaletwa Nairobi, wakakalishwa juani kutwa nzima kuomba. Jioni fedha zote zilichukuliwa na waliowaleta. Hapo senti inayotolewa kwa huruma humlipa mwenye mtoto, naye kesho atatafuta mtoto mwingine.

Kwa hiyo mimi nawatenga watu ambao sheria za zamani ziliwachanganya. Mtoto aliyewekwa njiani na mtu mzima, sitii senti katika kopo lake. Nitamnunulia chakula ale mbele yangu, na nitapiga simu nambari 116, ambayo katika Kenya ni ya kuwasaidia watoto. Mzee aliyechoka, au mama anayeomba kwa ajili yake mwenyewe, nikiwa nacho nitampa, wala sitamhoji kama karani wa London. Akinunua tumbaku, amenunua. Wako watakaosema huu ni ulegevu. Nao wamsome de Soto.

Mahakama nazo zimelirudia swali hili hivi karibuni. Mwezi wa Disemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zilizo nazo zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Mwezi uliofuata Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, ilitoa hukumu ya mwanamke fukara aliyeomba katika njia za Geneva, mojawapo ya miji yenye utajiri mkubwa duniani. Alikuwa ametozwa faini ya faranga 500. Hakuwa nazo, akafungwa siku tano. Mahakama ikasema Uswisi imemkosea heshima yake ya utu. Katika maandishi ya kesi hiyo imo pia hesabu ya fedha ambazo polisi walimkuta nazo walipompekua, wakazichukua: faranga 16 na senti 75.