Ulilala Wapi Usiku Ule? Historia Fupi ya Kuhesabiwa Tanzania

Ulilala wapi usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022? Kama ulikuwa Tanzania, huenda karani wa sensa aliuliza swali hilo hilo mlangoni kwenu, kishikwambi mkononi. Hakutaka kujua asili yenu ni wapi. Kama ulilala gesti Morogoro, unahesabiwa Morogoro, hata kama mke na watoto wako Singida. Mtu hawezi kulala sehemu mbili usiku mmoja, kwa hiyo hahesabiwi mara mbili. Mgonjwa aliye wodini, abiria aliye safarini, anayelala kwenye baraza la duka, wote wanaingia.

Rahisi, si ndiyo? Lakini zamani anayehesabu watu alikuwa na swali lingine kichwani: nani hajalipa?

Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890, na ili uitoze lazima uzihesabu nyumba. Waingereza walipochukua Tanganyika, hesabu za 1921 na 1931 zilipitia kwa maofisa wa wilaya na machifu, yaani watu wale wale wa kodi. Hebu jiweke kwenye nafasi ya baba mwenye nyumba. Mjumbe wa chifu anakuuliza una vijana wangapi wa kiume waliokwisha kukua. Utamtajia wote? Kwa sisi tunaoshinda na majedwali, hapa pana jambo zito: kosa la namna hii halitawanyiki ovyo. Lina upande. Wanaopotea ni vijana wa kiume, na hakuna hesabu ya wastani itakayowarudisha.

Sensa ya kwanza ya kisasa ilikuja 1948, ikafanywa Afrika Mashariki nzima. Hata hivyo, wasio Waafrika walihesabiwa Februari na Waafrika wakahesabiwa Agosti, kila kundi na fomu zake. Waafrika wote waliulizwa maswali machache, kisha sampuli ya asilimia 10 ikaulizwa kwa kina zaidi, yakiwemo masuala ya uzazi. Tanganyika ikaonekana ina watu kama milioni 7.5. Ubaguzi ulikuwa wazi, ila mbinu ya sampuli ilikuwa nzuri, na sensa zilizofuata ziliendelea kuwa na dodoso fupi na dodoso refu.

Agosti 1967 Jamhuri ya Muungano ilihesabu watu wake kwa mara ya kwanza: milioni 12.3. Wananchi waliulizwa kabila na dini. Baada ya hapo maswali hayo mawili yakaondolewa, na hayajarudi katika sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 wala 2022. Hapa Watanzania hatukubaliani. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu vilidai swali la dini lirudishwe, na kukawa na wito wa kususia sensa. Serikali ikashikilia kwamba mipango ya maendeleo haihitaji kujua dini ya mtu. Majirani zetu Kenya wanauliza kabila mpaka leo, na kwa Wanubi wa kule, kupata namba yao ya kabila katika sensa ya 2009 kulikuwa na maana kubwa, maana kabla ya hapo walikuwa wanaangukia kwenye “wengineo”. Mimi naona tulifanya vizuri kuacha. Ila tusijidanganye kwamba ni bure: kama kuna jamii inayobaki nyuma kwa shule au zahanati, sensa yetu haiwezi kukuonyesha.

Sensa ya 2022 ilitoa 61,741,120. Kutoka 44,928,923 za mwaka 2012, ni karibu watu milioni 17 zaidi ndani ya miaka kumi.

Sasa, namba hizo ni za nani? Sheria inalinda majibu yako: karani anakula kiapo cha kutunza siri, na taarifa ya mtu mmoja mmoja haitolewi. Sawa kabisa. Lakini mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu kiasi kwamba kutangaza takwimu zinazopinga za serikali kungeweza kukufikisha mahakamani. Benki ya Dunia ikaeleza wasiwasi wake, na mwaka 2019 kifungu hicho kikarekebishwa. Kwa mtafiti mwanafunzi mwenye dodoso lake la kaya 200, huo haukuwa mjadala wa wanasheria tu.

Na kuna ukimya mwingine usiohitaji sheria. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa matokeo mpaka ngazi ya kata, kwa umri na jinsi. Yapo kwenye intaneti, yamepangwa vizuri. Lakini kwenye ofisi za kata nilizopita kwa kazi ya uwandani, ubaoni nimekuta ratiba ya vikao, tangazo la chanjo na namba za simu za watendaji. Jedwali la sensa sijalikuta. Kwa hiyo mkutano wa mtaa unabishana kama madarasa yanatosha, mmoja anasema watoto ni wengi, mwingine anasema ni wale wale wa kila mwaka, na jibu lipo: idadi ya wenye miaka 5 hadi 9 katika kata yao, kwenye ukurasa mmoja ambao hakuna aliyeuchapa.