Waya wa Ukutani na Sauti ya Muziki

Katika mwaka wa 1827 Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyepata kuwa mwalimu wa shule mjini Köln, alichapa kitabu kilichoeleza kwamba kila waya huuzuia umeme kwa kiasi fulani. Waya ukirefuka, kizuizi huzidi, ukinenepa, hupungua. Wengi katika nchi yake hawakumjali, na nishani ya Royal Society ya London hakuipata mpaka mwaka wa 1841. Walimu wa shule wamezoea kungoja.

Kanuni hiyo ndiyo iliyowapa haki wapenda muziki wa Marekani walipozitilia shaka nyaya za spika zao. Spika nyingi zina kizuizi cha omu 8 tu, au pungufu. Basi waya mwembamba na mrefu waweza kula sehemu ya nguvu iliyokusudiwa spika. Mwaka wa 1979 Noel Lee alianzisha huko California kampuni ya Monster Cable, akauza nyaya nene za spika. Jambo hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, ingawa waya mnene wowote wa shaba ungalitosha.

Baadaye wafanya biashara waliuchukua ukweli huo wakaupeleka usikohusika: kwenye waya utoao umeme ukutani na kuupeleka katika mtambo. Hapa, msomaji, shika kalamu upige hesabu. Waya wa shaba wa mita 2, unene wake milimita 1 ya mraba, una kizuizi kama cha omu 0.07, kwenda na kurudi. Mtambo utumiao ampea 1 hupoteza humo volti 0.07 katika volti 240. Ukinunua waya mnene mara mbili, utaokoa nusu ya hiyo! Tena umeme huo hauendi moja kwa moja kwenye spika. Ndani ya mtambo volti zake hubadilishwa, hufanywa kutiririka upande mmoja tu, na kutulizwa. Nao umekwisha kusafiri maili nyingi katika nyaya za kawaida, kabla ya kuzifikia hizo mita mbili za mwisho ziuzwazo kwa bei ya ng'ombe.

Lakini hesabu haimshawishi mtu asemaye, "Nimesikia kwa masikio yangu." Basi mwaka wa 2004, huko huko California, wasikilizaji 15 walijaribiwa. Walisikilizishwa muziki kwa waya wa dola zipatazo 2,500, kisha kwa waya wa kawaida, kisha kwa mmojawapo bila kuambiwa ni upi, wakatakiwa kuutaja. Kati ya majibu 149, yaliyokuwa sahihi ni 73. Sarafu iliyorushwa juu ingalipata karibu hayo hayo. Wala watu hao hawakuwa waongo: ajuaye bei ya kitu hukisikiliza kwa matumaini.

Hata hivyo, ukiona waya wa mtambo wenu umechubuka, au unapata moto, au plagi yake imelegea, uchomoe, ukawaambie wazazi waubadilishe siku ile ile. Waya mzuri wa duka la kawaida utafaa.