Roma 1990–1992: upatanishi wa watu wasio na serikali



Kila nikifundisha vita vya Msumbiji, wanafunzi huniuliza: hivi ni dola gani iliyowapatanisha? Nikiwajibu kwamba ilikuwa jumuiya ya walei wa Kikatoliki wa mtaa wa Trastevere, Roma, hudhani nawatania.

Jumuiya ya Sant'Egidio ilianzishwa 1968 na Andrea Riccardi, wakati huo mwanafunzi wa sekondari. Haikuwa na jeshi la kumtisha mtu. Msumbiji iliingia kwa misaada: miaka ya 1980, vita na njaa vikiwamaliza watu, ilipeleka chakula na dawa. FRELIMO na Kanisa walikuwa hawaaminiani tangu uhuru wa 1975, mali za Kanisa zilipotaifishwa. Basi mkono ulioleta dawa ndio uliofungua mlango wa maongezi.

Mazungumzo yalianza Julai 1990. Wapatanishi walikuwa Riccardi, padri Matteo Zuppi, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, na Mario Raffaelli wa upande wa serikali ya Italia. Armando Guebuza aliongoza ujumbe wa FRELIMO, Raul Domingos ule wa RENAMO. Miezi 27 baadaye, tarehe 4 Oktoba 1992, Chissano na Dhlakama walitia saini. Vita vya miaka 16, vilivyoua watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja, vikakoma.

Lakini tusitie chumvi. RENAMO ililelewa na Rhodesia, kisha na Afrika Kusini ya makaburu. Upepo ulipogeuka huko, na ukame wa 1992 ulipokausha nchi, pande zote zilichoka. Nao Umoja wa Mataifa ndio uliopeleka askari wa kusimamia amani hadi uchaguzi wa 1994. Jumuiya peke yake isingeweza.

Iliweza nini basi? Serikali iliwaita RENAMO "majambazi wenye silaha", na mwaka 1984 kule Nkomati ikaona afadhali ipatane na Pretoria kuliko kukaa nao. Vita vikaendelea. Mwenyeji asiye na bendera humkaribisha adui bila kumpa hadhi ya dola, na hakuna anayevunjiwa heshima kwa kuketi.

Nayasema haya kwa sababu ya Cabo Delgado. Tangu Oktoba 2017 wanaokimbia makwao huko ni pamoja na Wamwani na Wamakonde, watu ambao wengi wao tunaelewana nao kwa Kiswahili. Majeshi ya Rwanda na SADC yaliingia 2021. Yale ya SADC yaliondoka 2024, na amani bado. Ni kweli, RENAMO ilikuwa na kiongozi anayejulikana na madai ya kisiasa. Hawa wa sasa ni vigumu hata kujua umwite nani mezani. Lakini Roma nayo haikuanzia mezani, ilianzia kwenye chakula na dawa. Sisi wenye lugha yao tumewapelekea nini?

Naomba mnikosoe.